Anika bidhaa, usijianike: kuuza na kuwasiliana mtandaoni ukiwa Dodoma

Jioni yoyote pale stendi kuu ya mabasi Nzuguni, upande wa mizigo, utakuta maboksi yamepangwa yakisubiri kupakiwa. Kila boksi limeandikwa kwa maka peni: jina la mpokeaji, namba yake ya simu na mahali mzigo unaposhushwa. Muuzaji anarudi nyuma hatua mbili, anapiga picha, anaweka stetasi: "Mizigo ya Dar inaondoka, asanteni wateja wangu."

Kabla basi halijafika Gairo, mteja mmoja anapigiwa simu. "Dada, mimi ni wa ofisi ya vifurushi. Mzigo wako wa alizeti kutoka Dodoma umezidi uzito, tuma elfu kumi na tano tuushushe." Mpigaji anajua jina, anajua mzigo ni wa nini na umetoka kwa nani. Kwa nini mteja asiamini? Anatuma.

Picha ile moja imesomwa na watu watatu. Mteja mpya ameona biashara inatembea. Ndugu aliye Mwanza amefurahi kuona mdogo wake anajituma. Tapeli amepata orodha iliyoandaliwa vizuri kwa herufi kubwa. Kila unachoweka mtandaoni kina wasomaji hao watatu, hata kama wewe ulimfikiria mmoja tu. Maelekezo yanayofuata yanahusu kuwapa wawili wa kwanza wanachokitaka na kumnyima wa tatu. Mifano mingi ni ya WhatsApp kwa sababu huko ndiko biashara ndogo za Dodoma na Singida zinakofanyika, ila mengi yanafaa pia Instagram, Facebook na TikTok.

Kwanza, tenganisha laini

Namba moja ya biashara, namba nyingine ya nyumbani. Simu nyingi siku hizi zina nafasi ya laini mbili, na unaweza kuwa na WhatsApp ya kawaida kwa namba moja na WhatsApp Business kwa namba ya pili ndani ya simu hiyo hiyo. Programu zote mbili ni za bure.

Laini ya biashara isajiliwe kwa kitambulisho chako mwenyewe cha NIDA, siyo cha shemeji aliyekuwa nayo ya ziada. Siku laini ikipotea, anayeweza kuirudisha ni yule ambaye alama zake za vidole zipo kwenye usajili. Mkigombana naye, wateja wako wote amebaki nao yeye. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaikane. Na laini ya biashara usiiache kabatini msimu ukiisha. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, baadaye namba ile hupewa mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kufungua WhatsApp kwa namba ambayo wateja wako bado wameihifadhi kwa jina lako.

Ukishafungua WhatsApp Business, jaza mambo manne: jina la biashara, saa za kazi, maelezo ya mstari mmoja, na mahali. Hapo kwenye mahali ndipo wengi wanapojimaliza. Kama unauzia nyumbani, usibandike alama ya ramani juu ya paa lako. Andika eneo linalofahamika, kwa mfano "Ipagala, Dodoma", kisha chagua sehemu ya kukabidhia: sokoni Majengo, Nyerere Square mchana, au dukani kwa jirani mliyekubaliana naye. Mteja aliyenunua mara tatu ukimwelekeza nyumbani ni uamuzi wako. Ramani haichagui nani wa kumwelekeza.

Fungua pia katalogi. Inabeba hadi bidhaa 500, japo muuzaji wa zabibu na alizeti hana sababu ya kuzidi kumi. Faida yake ni kwamba mteja akiuliza "una nini?" unamtumia kiungo kimoja badala ya kumrundikia picha kumi na tano zinazomla bando.

Picha inayouza

Jua la Dodoma saa sita mchana linaua picha. Mafuta yanaonekana kama maji, zabibu zinang'aa mpaka rangi inapotea, na kivuli cha mkono wako kinakaa katikati. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, chini ya baraza au kivuli cha mti, mwanga ukitokea ubavuni. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa kikavu. Picha nyingi zenye ukungu hazina kosa la simu, ni mafuta ya vidole.

Mteja wa mbali hawezi kushika mzigo, kwa hiyo mpe kipimo. Kwa mafuta ya alizeti, weka ndoo juu ya mizani huku namba ikisomeka. Lita moja ya mafuta haya ina uzito wa takriban gramu 920, hivyo lita 20 ni kilo 18 na kitu, ukiongeza uzito wa ndoo tupu. Mizani ikionyesha kilo 16 pamoja na ndoo, mnunuzi mjuzi ataona kabla hujamaliza kusifia. Piga picha ya pili chupa ikiwa mbele ya mwanga, ili aone kama mafuta yametulia au bado yana chenga zinazotuama chini. Kama zipo, sema zipo na ueleze kwamba ni mafuta ya kukamua ambayo hayajachujwa mara ya pili. Asiyezitaka ataacha mapema, na hiyo ni nafuu kuliko ndoo kurudi kutoka Dar kwa gharama yako.

Zabibu zina mambo yake. Ule utando mweupe kama unga juu ya ngozi ni nta ya asili ya tunda, na ndiyo alama ya shada lisiloshikwashikwa. Wateja wengi hudhani ni dawa ya kunyunyizia. Wauzaji nao kwa kuogopa swali hilo wanaziosha kabla ya picha, na hapo ndipo zinapoanza kuoza, maana maji hubaki kwenye vikonyo na njiani shada zima linatoa jasho. Usioshe. Piga picha utando ukiwepo, andika chini: "Weupe huu ni nta ya zabibu, osha ukitaka kula." Sema pia kama zina mbegu. Na usimwahidi mtu kwamba "zitaivia njiani." Zabibu haiendelei kuiva ikishakatwa, iliyo chachu shambani itafika chachu.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na huo ndio wakati ambao picha zako zitaibiwa. Mtu anachukua picha ya mashada yako, anafungua ukurasa wa jina linalofanana na lako, anaweka bei ya chini na kupokea pesa za watu. Kuandika jina la biashara pembeni mwa picha hakusaidii, linakatwa kwa sekunde mbili. Liandike lipite katikati ya bidhaa kwa rangi hafifu, au weka karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo ndani ya kreti. Karatasi hiyo ina kazi mbili: mteja anajua mzigo ni wa leo, na mwizi analazimika kutafuta picha nyingine.

Sasa geuza macho yako kwenye yaliyo nyuma ya bidhaa. Kabla hujabonyeza kutuma, ikuze picha kwa vidole viwili uizungukie kona nne. Tafuta geti na namba ya nyumba. Tafuta namba ya gari au pikipiki, mtoto aliyevaa sare yenye nembo ya shule, bahasha yenye jina, risiti mezani, kioo cha kabati kinachoonyesha sebule. Ukikiona kimojawapo, kata picha. Ukitaka kufunika, funika kwa kibandiko au kisanduku chenye rangi nzito kabisa. Ile kalamu ya kupakia rangi inayopitisha mwanga haifichi kitu: mtu akiongeza mwangaza wa picha, namba inasomeka chini yake.

Kuna kitu kingine kisichoonekana kwa macho. Kamera ya simu, kama imeruhusiwa, huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa. WhatsApp huondoa taarifa hiyo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukiituma kama waraka ili isipoteze ubora, taarifa inakwenda nayo. Fungua mipangilio ya kamera, zima uhifadhi wa mahali, na suala limeisha.

Maneno chini ya picha

"Bei njoo inboksi" inafukuza watu. Mwenye haraka haji, na anayekuja anakuja akiwa ameshaamini kwamba bei inategemea anavyoonekana kwenye picha yake ya wasifu. Weka bei. Mfano wa tangazo lililokamilika, wewe jaza nafasi:

"Mafuta ya alizeti ya kukamua, msimu huu. Ndoo lita 20 Sh ___. Galoni lita 5 Sh ___. Dodoma unachukulia Majengo. Mikoani tunapakia basi la jioni, nauli ya mzigo juu yako. Oda ya leo inafungwa saa tisa alasiri. Malipo kwa lipa namba ___, jina litokee ___."

Hilo neno la mwisho, "jina litokee", ndilo ulinzi wa bei rahisi kuliko wote. Mteja akiingiza namba, simu yake itamwonyesha jina kabla hajathibitisha. Mzoeshe asilipe jina lisipofanana. Tapeli anaweza kunakili picha zako, maneno yako, hata salamu zako, lakini jina la usajili wa lipa namba hawezi kulinakili. Lipa namba pia inakuondolea ule mjadala wa "umeweka na ya kutolea?" ambao umevunja oda nyingi kuliko bei yenyewe.

Kama mafuta yako yamefungashwa kwenye chupa zenye lebo, nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) iwepo tu kama umeipata. Kuibandika kwa kuhariri picha ni kosa, na wateja wa maofisini mjini hapa wanajua kuuliza.

Nani anaiona stetasi yako

Stetasi hukaa saa 24, na ili mtu aione lazima mambo mawili yawepo: wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Hapa ndipo penye kidonda. Muuzaji anapata wateja arobaini kwenye maonyesho, anaongea nao wote, hahifadhi hata mmoja, kisha analalamika kwamba mtandao haulipi. Hifadhi namba siku hiyo hiyo kwa mpangilio utakaokusaidia baadaye: bidhaa, jina, eneo. "AL mama Neema Kisasa" inakwambia ni mteja wa alizeti na anaishi wapi. Na upande wake, bandika kwenye kila ndoo karatasi yenye namba na jina la kuhifadhi. Mama anayepika ataiona karatasi hiyo kila siku kwa wiki kadhaa. Stetasi haiwezi kumpata mara nyingi kiasi hicho.

Orodha ya matangazo, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa wengi huku kila mtu akiupata kama wake peke yake, inabeba hadi watu 256 kwa orodha moja, na inawafikia tu waliohifadhi namba yako. Itumie mara moja kwa wiki, isizidi. Wakiona kila asubuhi "habari za asubuhi mteja wetu wa thamani" wataripoti namba yako, na namba inayoripotiwa sana hufungiwa na WhatsApp. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa ujumbe usioombwa. Muulize mtu kwanza: "Nikutumie bei msimu ukianza?" Akikubali, huo ni mteja.

Usiwakusanye wateja kwenye kundi bila kuwauliza. Ndani ya kundi kila mtu anaona namba ya kila mtu, na hakuna kundi la wateja lisilo na muuzaji mwenzako aliyejipenyeza kimya. Ukitaka kutangazia wengi bila kuwaanika, fungua chaneli ya WhatsApp. Wanaoifuata hawaonani namba, na yako pia haionekani kwao isipokuwa umeiandika mwenyewe.

Kama umeng'ang'ania namba moja kwa kila kitu, angalau tumia mipangilio ya faragha ya stetasi. Kuna njia tatu: watu wote uliowahifadhi, wote isipokuwa fulani na fulani, au hawa uliowachagua tu. Kosa la kawaida ni hili: umeweka picha ya kipaimara kwa ndugu tisa tu, kesho yake unaweka bei ya karanga, na watazamaji wanabaki tisa. Chaguo la jana limebaki vilevile. Liangalie kila unapobadilisha aina ya unachokiweka.

Kuhusu muda wa kuweka, usimsikilize mtu anayekutajia saa ya dhahabu. Kwa wiki moja weka tangazo lile lile alfajiri, wiki ya pili saa saba mchana, wiki ya tatu saa mbili usiku. Andika kwenye daftari idadi ya walioona na, muhimu zaidi, idadi ya waliouliza bei. Wateja wa maofisi ya Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hawashiki simu saa zilezile.

Pesa na mzigo

Ujumbe wa malipo siyo malipo. Tapeli anatuma ujumbe unaofanana kabisa na wa kampuni, wenye kumbukumbu namba na salio, ila umetoka kwenye namba ya kawaida. Au anakutumia picha ya skrini yenye muamala aliouhariri. Kila mara fanya hivi kabla ya kuachia mzigo: fungua menyu ya huduma ya pesa kwenye simu yako mwenyewe (*150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money), angalia salio, ulinganishe na la mwanzo. Zoezi la nusu dakika. Kama foleni ni kubwa, mwambie mteja kwa adabu: "Ngoja kidogo kaka, nihakikishe imeingia." Mwenye pesa halisi hachukii.

Halafu kuna anayekupigia kwa sauti ya kulia kwamba amekosea namba, umrudishie. Usirudishe kwa kumtumia. Mwelekeze apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, warudishe wao. Ukimtumia mwenyewe huku naye ameomba kampuni irejeshe muamala, pesa itatoka kwako mara mbili.

Picha za skrini za miamala usiziweke stetasi kujisifia mauzo. Zina jina kamili la mteja, namba yake, na chini kabisa salio lako. Watu wawili wameanikwa kwa picha moja.

Tukirudi Nzuguni kwenye yale maboksi. Piga picha ya mzigo kabla ya kuandika jina, au geuza upande ulioandikwa ukutani. Kwenye boksi lenyewe andika jina moja na namba, hilo halikwepeki, maana wapakiaji wanahitaji. Ukishapata risiti ya mzigo, mtumie mpokeaji peke yake picha ya risiti pamoja na ujumbe huu: "Mzigo umepakiwa saa kumi na mbili. Gharama zote ni zile tulizokubaliana. Akikupigia mtu kudai nyongeza, usitume, nipigie mimi." Sentensi ya mwisho ndiyo inayomkata miguu mpigaji simu. Usitaje hadharani jina la basi na saa litakayoondoka. Mpokeaji anatosha kujua.

Zabibu zisiende kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Tumia boksi lenye matundu, karatasi chini, mashada yasizidi tabaka mbili, na uzipakie jioni zisafiri usiku wakati wa ubaridi. Piga picha boksi likiwa wazi mbele ya wakala wa mizigo. Zikifika zimepondeka, mtajua zilipondekea wapi.

Uso wa mteja ni wa mteja

Mteja amekuja, amenunua ndoo tano, amefurahi. Unataka kumpiga picha. Muulize, na umwambie itakwenda wapi: "Naomba nikupige picha niweke Instagram ya biashara, sawa?" Kukubali kupigwa picha si kukubali kuwekwa mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu, jina lake na namba yake ni taarifa binafsi. Pata ridhaa kwa maandishi ya WhatsApp ili ibaki kumbukumbu. Akija baadaye kusema ondoa, ondoa siku hiyo hiyo bila kumuuliza sababu. Huenda alimwambia mtu kwamba hana hela.

Ujumbe wa kusifia bidhaa ukitaka kuuonyesha, kata sehemu ya juu yenye jina na picha, ubakize maneno. Maneno ndiyo yanayouza.

Ndugu, jamaa na majirani

Mitandao imewaleta ndugu karibu kiasi kwamba wa Kondoa anajua wa Mbeya amekula nini. Lakini imeondoa mlango ambao zamani habari ilibisha hodi kwanza.

Msiba ni mfano mgumu kuliko yote. Mzee anafariki hospitalini saa nane usiku, na saa nane na nusu mpwa ameshaweka picha yake yenye mshumaa. Mtoto wa marehemu aliye safarini anaijua habari kwa stetasi. Utaratibu uwe huu: wa karibu wapigiwe simu, siyo kuandikiwa, na mtu mmoja aliyeteuliwa na familia ahakikishe kila mtoto, mke au mume na ndugu wa tumbo moja amepata. Yeye ndiye anayetoa tangazo la kwanza kwenye kundi la ukoo. Wengine wote wanasubiri tangazo hilo. Ukiona mtu ametangulia, usimgombeze kundini, mpigie, afute. WhatsApp inaruhusu kufuta kwa wote, ila wahi.

Michango ya harusi nayo. Ile orodha inayozunguka kundini, majina mia na alama ya tiki kwa waliolipa, inafanya kazi kwa sababu inaumbua. Inakusanya pesa, hakuna ubishi, na pia inawafanya watu watoke kundini kimyakimya na kukata undugu. Njia iliyo nafuu: orodha ya majina ikae kwenye kundi la kamati, na kundi kubwa lipewe jumla: zimeahidiwa ngapi, zimeingia ngapi, zimebaki siku ngapi. Anayedaiwa atafutwe na mhazini kwa ujumbe wake mwenyewe.

Safari ziandikwe ukirudi. "Tumeshafika Moshi familia nzima, Mungu ni mwema" ni taarifa kwa kila aliyehifadhi namba yako kwamba nyumba ya Nkuhungu iko tupu mpaka Jumatatu. Picha hazichachi, weka ukiwa umeshafungua geti. Kwa watoto, chunga mambo matatu yasikutane kwenye picha moja: uso, jina kamili, na shule.

Na zuia kuingizwa kwenye makundi ovyo. Mipangilio, Faragha, Makundi, chagua watu uliowahifadhi tu.

Akaunti ikitekwa

Njia inayotumika sana haina utaalamu wowote. Unapata ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu: "Samahani mama, nimekosea nimetuma namba sita kwako, nisomee." Namba hizo ni za kuthibitisha WhatsApp yako. Ukizisoma, umemkabidhi akaunti, na yule unayemfahamu naye ameshatekwa zamani. Dakika chache baadaye wateja wako wanaombwa "niazime laki, kesho asubuhi narudisha" kwa jina na picha yako.

Kinga ni kuwasha leo hii uthibitishaji wa hatua mbili: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua tarakimu sita ambazo si mwaka wa kuzaliwa, na weka barua pepe ya kurejeshea.

Ikishatokea, fanya kwa mpangilio huu. Sakinisha WhatsApp upya, ingiza namba yako, omba namba za uthibitisho kwa meseji na uziingize. Hapo hapo aliyekuteka anatolewa. Programu ikidai tarakimu sita usizozijua, ameweka zake; utasubiri siku 7 ndipo uweze kuingia bila hizo, lakini yeye hayumo tena. Ukiingia, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa uondoe usivyovitambua. Wakati unasubiri, tuma meseji za kawaida kwa wateja na ndugu: "WhatsApp yangu imeibwa, usitume pesa." Usitegemee stetasi ya namba nyingine, si wote watakaoiona.

Aliyetuma pesa apige 100 kwa mtandao wake mara moja aombe muamala uzuiwe, kisha aende polisi. Ujumbe wa kitapeli uliokujia kwa meseji utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Utajibiwa ukiombwa namba ya mtumaji, na uiingize.

Simu inapokwenda kwa fundi

Kioo kimepasuka, simu inakwenda mezani kwa fundi. Ndani yake kuna risiti za mizigo za miezi sita, namba za wateja wote na picha za watoto. Toa laini zote mbili na memori kadi kabla ya kumkabidhi. Usimpe neno la siri. Kubadilisha kioo hakulihitaji, na kujaribu kama kinagusa vizuri unaweza kumfungulia wewe ukiwa umesimama. Akisema uiache ilale, weka nakala ya mazungumzo kwanza. Kama simu unaiuza kabisa, ondoa akaunti ya Google kwenye mipangilio ndipo uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Ukianza na kufuta kabla ya kuondoa akaunti, mnunuzi atakupigia kesho asubuhi akikuomba neno la siri, na utakuwa umeshalisahau.